Uzi maalum: Redfishi wa Galveston kwa sisi tusio na boti, chambo gani na usimame wapi

#1 MvuviWaKaty

Wakuu habari za wikiendi. Kila Septemba ikikaribia napigiwa simu na watu wetu wa Houston, Wabongo, Wakenya, ndugu zetu wa Kongo, wote swali moja tu, kaka redfishi anakula nini na nikasimame wapi. Naona bora niandike hapa mara moja kila mtu asome na wenye uzoefu waongezee.

Kwa wageni kidogo. Redfishi ni huyu samaki wa rangi ya shaba mwenye doa jeusi karibu na mkia, wengine wana madoa mawili matatu. Mdomo wake umeelekea chini kwa sababu chakula chake kiko chini, kaa, kamba, mkizi wadogo, anapekua kwenye tope na kwenye chaza. Akiwa mdogo anakaa ndani ya ghuba kwenye majani na vijito, akishakua anatoka kwenda bahari kubwa, halafu wale wakubwa kuanzia mwisho wa Agosti mpaka Novemba wanasogea kwenye fukwe na milango ya ghuba kuzaa. Ndio hao Watexas wanawaita buli redi, na ndio wanaofanya ukuta wa bahari wa Galveston, ule mji wa kisiwani karibu na Houston, ujae watu usiku kucha.

Sasa jambo langu kubwa. Watu wanaanza na chambo. Anapita dukani ananunua pakiti ya kamba wa friza halafu ndo anaanza kufikiria aende wapi. Mimi nasema geuza, kwanza upepo, pili sehemu, chambo mwisho. Sisi tuliokulia Pwani tumezoea kuhesabu mwezi, bamvua na maji mafu, Dar au Mombasa maji ya bamvua yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, unaona kabisa bahari imeondoka. Galveston hakuna kitu kama hicho, ni futi moja au mbili tu na siku nyingi maji yanajaa mara moja tu kwa siku nzima. Kinachosukuma maji huku ni upepo. Ukivuma wa kusini-mashariki siku mbili tatu ghuba inajaa mpaka kwenye majani, redfishi anaingia huko huko kwenye majani. Ikija baridi na upepo wa kaskazini maji yanasukumwa yatoke nje ya ghuba, vijito vinamwagika, kamba na kaa wote wanaburutwa na redfishi anakaa mdomoni mwa kijito anawasubiri. Samaki yule yule, chambo kile kile, lakini ukisimama pale pale kwenye upepo tofauti unaweza ukakaa kutwa usipate hata wa kudokoa.

Kwahiyo sehemu. Nitataja zile za kufika na gari tu.

Texas City Dike. Ni tuta la mawe linaingia baharini karibu maili 5, unapaki unavua hapo hapo. Uzuri wake lina pande mbili, upande wa kusini kuna mfereji wa meli maji marefu, upande wa kaskazini ni ghuba maji mafupi. Joto kali au baridi kali nenda upande wa mfereji, asubuhi mapema na jioni upande wa ghuba.

Ukuta wa bahari Galveston, ule uliojengwa baada ya kimbunga cha 1900, una vigati vya mawe vinaingia baharini. Hapa ni buli redi wa vuli. Kuna pia gati la 61st Street ambalo unalipia lakini lina taa usiku na duka la chambo.

Sportsman Road, upande wa West Bay. Hapa unaingia majini kwa miguu au na kayaki. Tope na chaza, viatu vigumu lazima.

Galveston Island State Park upande wa ghuba. Vijito na majani yaliyorudishwa, pazuri sana kwa redfishi wa sahani, na ukivua kutoka ufukweni ndani ya hifadhi za jimbo la Texas hudaiwi leseni ya kuvua, unalipa kiingilio tu. Kwa mtu anayejaribu kwa mara ya kwanza namwambia aanzie hapa.

Bolivar, unavuka na kivuko cha bure cha serikali, unaendesha gari mpaka ufukweni, ila nunua stika ya kupaki kwanza. Na tafadhali, ukiona mtu mtandaoni anakutuma Rollover Pass huko Bolivar jua ni habari ya zamani, ule mlango umeshafukiwa, hakuna maji yanayopita pale.

Chambo nitaendelea nacho kwenye comment inayofuata, na karibuni maswali.

#2 H_Town_Nairobi

Asante sana bro, uzi umekuja wakati unafaa. Sasa mimi shida yangu ni moja, naenda pale Dike na prawns za friza, natupa, dakika mbili laini inavutwa, nafurahi, natoa ni catfish. Natupa tena catfish. Siku nzima catfish na zinaniumiza mkono na ile miiba. Redfishi wako wapi jameni?

#3 MvuviWaKaty

@H_Town_Nairobi hao ni hongwe, Watexas wanawaita hardhead. Kwanza shika na koleo usishike na mkono, ile miiba ya mgongoni na ya ubavuni ina sumu na watu wanaishia emajensi.

Pili umejibu swali la chambo mwenyewe. Kamba wa friza ni chakula cha kila kiumbe kwenye ile ghuba, hongwe, samaki wadogo, kaa, wote wanakuja kabla ya redfishi hajanusa. Ikiwa maji yana joto acha kamba wa kufa kabisa. Tumia kaa. Kaa mbichi wa bluu aliyekatwa vipande, hongwe wengi wanampita, wale wadogo wadogo hawamuwezi, lakini redfishi ana meno ya kooni ya kuvunjia gamba, kwake kaa ni wali na nyama. Unaweza kukaa muda mrefu bila kuguswa, hiyo ni kawaida, lakini anayekuja ukimtumia kaa ndiye uliyemfuata.

Baridi ya Januari na Februari mambo yanageuka, hongwe wanapungua, redfishi amepoa kashuka kwenye maji marefu hataki kukimbizana, hapo kamba wa kufa aliyewekwa chini bila kuchezeshwa anafanya kazi vizuri tu.

#4 BintiPangani

Naomba niongezee kwenye kaa maana naona wengi wanamuweka vibaya, mtu anachoma kaa mzima na ndoano katikati ya tumbo halafu ncha imezama ndani ya gamba, samaki akija anang'ata gamba ndoano haishiki popote.

Fanya hivi. Toa magando kwanza usalimike. Fungua gamba la juu lote litoke kama unamsafisha kwa kupika, zile mbavu za kupumulia na utumbo visiondoke, ndo vyenye harufu. Mkate katikati kwa kisu, au vipande vinne kama ni mkubwa. Kata miguu karibu na mwili, utaona pale mguu ulipotoka kuna tundu, lile la mguu wa nyuma wa kuogelea ndo kubwa zaidi. Ingiza ndoano kwenye lile tundu utokeze upande wa pili, ncha yote iwe nje inaonekana. Juisi inatoka kwenye sehemu uliyokata na ndoano iko wazi. Kikishakaa majini kama dakika ishirini kimeshakuwa cheupe hakina harufu, badilisha.

Na sheria, kaa jike mwenye mayai yale ya rangi ya chungwa tumboni hairuhusiwi kumchukua Texas hata kwa chambo, rudisha majini.

Mkizi nao usiwasahau. Baba yangu alikuwa mvuvi wa mshipi Pangani na kimia, ule wavu wa kutupa kwa mkono, alitufundisha wote wasichana kwa wavulana, nimefika huku nimekuta Wamarekani wanatupa kimia kile kile. Vuli unaona mkizi wanapita kwa makundi wanaruka pembeni ya mawe, ukitupa kimia mara moja mbili una chambo cha siku nzima bila kutoa senti. Mkizi mdogo wa kidole unamchoma midomoni akiwa hai, mkubwa unamkata vipande na magamba yake, kichwa usitupe, kichwa cha mkizi kwenye ukuta wa Galveston ni chambo cha buli redi hasa kwasababu wale wadogo hawawezi kukimaliza. Halafu pale ulipowaona mkizi wanakimbia kwa woga ndo pa kutupia, usiwachukue halafu ukaenda kukaa sehemu nyingine.

#5 MvuviWaKaty

@BintiPangani dada ahsante, hiyo sentensi ya mwisho ndiyo ningetaka kila mtu aishike. Chambo bora ni kile kinachoogelea mbele ya macho yako siku hiyo. Ukifika tembea dakika kumi bila kutupa chochote. Angalia mkizi wanaruka wapi, kamba wanachupa wapi, ndege weupe wanapiga mbizi wapi. Oktoba na Novemba baada ya baridi ya kwanza kamba weupe wanatoka mabwawani kuelekea baharini, utaona ndege wamejazana juu ya maji, hapo hata mwenye kaa aweke pembeni atumie kamba hai chini ya boya. Boya lile la kupiga kelele, unalitikisa linafanya pwaa, unaacha kidogo, unatikisa tena. Kamba anachomwa kwenye pembe ya kichwani, chini kidogo, usiguse ile doa nyeusi ndani ya kichwa maana ukiipiga anakufa papo hapo.

#6 Mutoto_wa_Goma

Jambo ba ndugu wote. Miye niko Houston na familia, kwetu Goma tunajua sambaza ya Lac Kivu tu, hii ya bahari ni mupya kwangu. Niko na maulizo mbili. Leseni inauzwaka wapi na bei gani, na batoto nao balipaka? Ya pili, nimesikia mutu mumoja kanisani alipigwa amende (faini) sababu samaki ilikuwa kubwa. Huku samaki kubwa ni kosa?

#7 MvuviWaKaty

@Mutoto_wa_Goma karibu sana ndugu yangu. Leseni unanunua kwenye maduka ya vifaa vya uvuvi, baadhi ya supamaketi kubwa, au mtandaoni kwa Texas Parks and Wildlife. Mkazi wa Texas pakiti ya maji chumvi ni dola 35, mwaka wao unaanza Septemba 1 unaisha Agosti 31, kwahiyo usinunue Julai ukafikiri umepata mwaka mzima. Mtoto chini ya miaka 17 halipi.

Ndio, mkubwa anaweza kuwa kosa, na mdogo pia. Redfishi wa Texas wa kuchukua ni kati ya inchi 20 na 28, na watatu tu kwa mtu kwa siku. Unampima akiwa amelala, mdomo umefungwa, mkia umebanwa pamoja. Aliyezidi 28 unarudisha, isipokuwa ukitumia ile tagi inayokuja na leseni ya maji chumvi, moja kwa mwaka wa leseni, unaijaza hapo hapo na kumfunga nayo samaki, sio ukifika nyumbani. Beba futi ya kupimia kila siku, usikadirie kwa mkono. Na kabla ya kila msimu ingia kwenye tovuti yao uhakikishe maana wanabadilisha.

#8 Kaskazi_Tampa

Nawasalimu kutoka Florida. Niongeze kwa waliopo huku wasije wakafuata namba za Texas, sisi ni inchi 18 mpaka 27, mkubwa zaidi ya hapo hakuna tagi hakuna nini, anarudi. Na idadi inategemea eneo ulipo, ule upande wa Indian River Lagoon mwaka 2022 waliufanya wa kuvua na kuachia tu, ilikuwa huruhusiwi kuchukua hata mmoja. Louisiana nao walibana mwaka 2024, sasa ni 18 mpaka 27 na wanne kwa siku. Chambo lakini ni zile zile, kaa, kamba, mkizi. Huku kwetu watu wengi wanapenda kijiko cha rangi ya dhahabu, kile chambo bandia cha chuma kinachoyumbayumba kisichoshika majani, unakitupa kwenye majani unakivuta polepole. Kwa asiyependa kushika kaa ni kizuri sana.

#9 Baharia_Mstaafu

Mimi hapa nitatofautiana na nyinyi. Unatoka Katy saa tisa usiku, mafuta ya gari, barafu, chambo, unapata samaki wa inchi 40, mzigo wa kulisha ukoo mzima, halafu umrudishe majini? Kwetu samaki ni chakula. Sheria naiheshimu lakini moyoni siikubali, mkubwa ndio wa kuchukuliwa na mdogo ndio aachwe akue.

#10 MvuviWaKaty

Mzee wangu Baharia heshima yako. Nakuelewa, na Pwani tumelelewa hivyo, mdogo aachwe. Lakini kwa huyu samaki hesabu iko tofauti na naomba unisikilize.

Yule wa inchi 20 mpaka 28 ni kijana, bado anakaa ghubani. Anaanza kuzaa akiwa na umri wa kama miaka 3 mpaka 5, akitoka nje ndo anazaa, na anaweza kuishi miaka 40 na zaidi. Yule uliyemtoa ukutani Septemba yuko pale kwa ajili ya kuzaa, jike mmoja mkubwa anamwaga mayai kwa mamilioni kwa msimu. Ukimtoa mzazi wa miaka 25 huwezi kumrudisha kwa kuacha vijana wawili.

Na hii sio nadharia, imeshatokea. Miaka ya 1970 redfishi wa Texas walikuwa wanaisha kwa nyavu, wavuvi wa Houston wakaanzisha chama 1977 kupigania, na 1981 jimbo likapiga marufuku kuuza redfishi wa kuvuliwa Texas. Halafu miaka hiyo hiyo ya 80 mpishi Paul Prudhomme wa New Orleans akafanya pishi lake la redfishi wa viungo aliyeunguzwa kwenye kikaango cha chuma likapendwa Marekani nzima, meli zikaenda kuzungushia nyavu wale wakubwa waliokusanyika huko nje Ghuba ya Meksiko, mpaka serikali kuu ikafunga maji yake. 2007 rais George W. Bush akaweka amri nyingine ya kumlinda. Texas ikajenga vituo vya kuzalisha vifaranga na kuwamwaga ghubani, kimoja kiko Lake Jackson kinaitwa Sea Center Texas, kuingia ni bure, mpeleke mjukuu akaone. Hawa tunaowavua leo wapo kwa sababu watu walijinyima.

Nyama nayo mzee, mkubwa nyama yake ni ngumu nyuzi nyuzi, wa inchi 22 ndo mtamu. Nakwambia kwa upendo, mrudishe.

#11 Baharia_Mstaafu

Nimekusoma kijana wangu. Hiyo ya miaka 40 sikuwa naijua. Haya nieleze basi namna ya kumrudisha akiwa mzima maana nimeona wengine wanaelea tumbo juu.

#12 MvuviWaKaty

Shukrani mzee. Kwanza zana ziwe na nguvu usimchoshe nusu saa. Ukutani na Bolivar natumia uzi wa kusuka wa paundi 40 au 50, lida (kile kipande cha uzi mgumu kinachofungwa ndoano) ya paundi 80, ndoano ya duara namba 8/0, na chubwi ya miguu ya waya ya aunsi 4 mpaka 6 ili ishike mchangani mawimbi yasiiburute. Ndoano ya duara haitaki uvute kwa nguvu, acha fimbo ipinde yenyewe halafu zungusha rili taratibu, inamshika pembeni ya mdomo badala ya kumeza. Lida iwe fupi, sentimita 15 hivi inatosha, maana ikiwa ndefu anameza kabla hujajua.

Akifika usimning'inize kwa mdomo wala usimburute kwenye zege. Mikono miwili, mmoja chini ya tumbo, lowesha mikono kwanza. Picha moja. Kisha mshike majini kichwa kikielekea kwenye maji yanakotoka mpaka aondoke mwenyewe kwa nguvu. Agosti maji yakiwa ya moto harakisha zaidi.

#13 H_Town_Nairobi

Bro na San Luis Pass? Kuna jamaa kazini anasema huko ndio mwisho wa mambo, redfishi wanapanga foleni.

#14 BintiPangani

Naomba nijibu mimi. Samaki wapo kweli. Lakini ule mkondo umeua watu wengi na unaendelea kuua, mchanga unakatika chini ya miguu, unasimama maji ya magoti, hatua moja umezama. Kuogelea vizuri hakusaidii pale. Vua kutoka mchangani kabisa, usiingie majini, na watoto wasisogee. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, sasa upwa upo mrefu Galveston nzima, kwanini uende ukagaegae pale pale panapoua?

Na hata Sportsman Road ukiingia majini buruta miguu usinyanyue, wale samaki taa wenye mwiba wamelala mchangani, ukiburuta wanaondoka. Mwenye kidonda kibichi asiingie maji ya moto ya kiangazi, kuna bakteria wa Vibrio wanaingia kwenye kidonda, kwa mwenye kisukari au ini bovu ni hatari ya maisha, sio mchezo.

#15 Mutoto_wa_Goma

Asante dada, asante kaka. Na kula je? Kuna mutu aliniambia maji ya Houston iko na sumu.

#16 BintiPangani

Upande wa juu wa ghuba na Houston Ship Channel kuna tahadhari ya idara ya afya ya Texas, mambo ya dioksini na kemikali za viwandani, huko mimi silishi wanangu chochote. Redfishi wa West Bay na ufukweni napika bila wasiwasi. Hongwe wa ghuba usile hata kama wamekujaa ndoo.

Kupika, usimpae magamba. Toa minofu na ngozi na magamba yake, paka chumvi, ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, weka kwenye jiko la mkaa magamba yakiwa chini, lile gamba ni gumu linashika moto nyama haiungui. Tui la nazi zito la kupaka lichemshe pembeni na ukwaju na pilipili, unampaka juu juu mpaka anameta. Huna haja ya kumgeuza. Watexas wanafanya hivyo hivyo na siagi, ila wakishaonja la nazi wanaomba sahani.

#17 H_Town_Nairobi

Sasa nimeiva. Nataka kwenda Jumamosi, na wanasema baridi ya kwanza inaingia Ijumaa usiku, upepo wa kaskazini. Niende wapi, na nibebe nini?

#18 MvuviWaKaty

Upepo wa kaskazini wa usiku kucha utakuwa umetoa maji ghubani, kwahiyo hifadhi ya jimbo upande wa ghuba, tafuta mdomo wa kijito kinachomwaga, simama pembeni usisimame katikati. Asubuhi itakuwa ya upepo mkali na mbingu nyeupe, subiri, kuanzia saa nne kukipata jua kidogo wanaanza kula. Chukua kamba hai robo lita, kaa wawili wa akiba, boya moja, chubwi nyepesi. Fimbo ya kawaida inatosha na uzi wa paundi 20, ndoano 3/0.

Vaa suruali ya maji, baridi ya hapa ikichanganyika na upepo inaingia mpaka kwenye mifupa. Mimi nitakuwepo kuanzia saa moja asubuhi, gari ya bluu, mwenye kutaka kuja aje, kimia ninacho na kaa wa kutosha nitabeba.

#19 Mutoto_wa_Goma

Nitakuja na batoto bawili. Futi ya kupima nitanunua leo.